Uliza Fundi wa Jukwaa: Upanga wa Sponji Usiolegea Mkononi

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu mwezi huu zinauliza juu ya kitu kimoja, nacho ni upanga wa kuigizia. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa makosa yaliyoelezwa ndani yake ndiyo ninayoyaona kwa karibu kila anayeanza kazi hii. Zilizobaki nimezijibu kwa kadiri ya uzito wa swali.

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo na ninaishi Tabata. Mimi na wenzangu watano tunapenda kosplei, yaani kujivika mavazi ya wahusika wa hadithi za kubuni na kuiga mwenendo wao, na mwishoni mwa mwaka tumepanga kujionyesha mbele ya wanafunzi wenzetu. Mhusika wangu nimemtunga mwenyewe: ni malkia wa visiwa vilivyozama baharini, naye hubeba upanga mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili. Nilinunua sponji ya kochi kule Keko, nikakata umbo la upanga, nikalipulizia rangi ya fedha. Sponji ikanywa kopo zima la rangi bila kung'aa, na nilipouinua upanga wenyewe ukaning'inia kama samaki aliyekufa. Nikajaribu tena kwa lile povu jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni, na safari hii gundi ikalila povu mpaka likatoboka. Je, ipo njia ya kutengeneza upanga mwepesi, unaosimama wima na kufanana na chuma, bila kuagiza vifaa kutoka nje ya nchi? – Malkia wa Tabata

JIBU: Marahaba, Malkia. Kwanza nikutoe wasiwasi kwamba mikono yako haina kosa. Kosa lilianzia dukani. Sponji ya makochi na magodoro hutengenezwa kwa poliyurethani, na vitundu vyake vimefunguka na kupitiana, ndiyo maana hubonyea mtu akiikalia na ndiyo maana rangi uliyoipuliza ilizama kutoka kitundu hadi kitundu badala ya kubaki juu. Lile povu jeupe ni polistireni, nalo lina ugonjwa wake mwingine: huyeyushwa na vimiminika vilivyomo katika gundi ya viatu, katika thina na katika rangi nyingi za kupuliza. Unachohitaji ni sponji ya aina ya tatu, iitwayo EVA, ambayo kila kitundu chake kimejifunga peke yake, kwa hiyo hainyonyi maji, hukatika kwa kisu kama mche wa sabuni, na ikipashwa moto hukubali kupindwa na kubaki na umbo ililopewa. Wala usidhani ni kitu cha ughaibuni. Huenda umeivaa mguuni asubuhi ya leo, kwa kuwa ndala nyingi za siku hizi soli zake ni za EVA, na ile mikeka ya watoto yenye herufi na namba, inayounganishwa kwa meno, aghalabu nayo ni hiyo hiyo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na vijana wengi wanaotazama video za mafundi wa Marekani na Japani, kisha wakazunguka mji mzima wakitafuta duka la vifaa vya kosplei. Upanga wako ni kazi ya fundi viatu kuliko kazi ya mhunzi. Fundi viatu anazo shiti za soli za unene mbalimbali, anayo gundi inayoishika EVA, anacho kisu kikali na jiwe la kukinolea, na zaidi ya yote amekwisha kujua namna sponji hiyo inavyojibu inapokatwa, inapopashwa na inapogongwa. Kwa hiyo nenda kwa wauzaji wa vifaa vya viatu Kariakoo, au mwombe fundi wa mtaani kwako akuelekeze anakonunua soli zake. Ukipewa shiti, ibonyeze kwa ukucha: inayorudi upesi ichukue, na inayobaki na alama iache, maana ni laini mno kwa bapa. Nunua ya milimita 10 kwa ajili ya bapa na ya milimita 5 kwa ajili ya kipini na mapambo. Ukilazimika kutumia mikeka ya watoto, ambayo kila kipande kina upana wa sentimita 30 au 60, hakikisha kwamba viungo vya upande mmoja wa bapa havikutani na viungo vya upande wa pili, la sivyo upanga utavunjikia papo hapo.

Chora upanga wako kwanza kwenye kadi ya boksi. Kwa upanga wa mikono miwili ninapendekeza urefu wa sentimita 120, bapa likichukua 90 na kipini 30 pamoja na kitako chake, na upana wa bapa uwe sentimita 7. Ukitaka pande mbili za bapa zilingane sawasawa, kunja kadi katikati kwa urefu, chora nusu tu, kisha kata kadi ikiwa imekunjwa. Pitisha chaki au kalamu kuzunguka kadi hiyo juu ya EVA mara mbili, ukate vipande viwili vya milimita 10 vinavyofanana.

Ndani ya upanga lazima kuwe na mfupa. Wengi hukimbilia bomba la plastiki la maji, nami sikatazi, ila bomba la nusu inchi lina unene unaokaribia unene wa bapa zima na, zaidi ya hapo, hulegea likikaa juani. Mimi hutumia mwanzi mkavu wa unene wa milimita 12 hivi, ulionyooka, ambao nimeusugua vifundo na kuuzungushia tepu kuanzia mwanzo hadi mwisho, ili hata ukipasuka siku moja vibanzi vyake visitoke nje. Mwanzi huo uanzie kwenye kitako cha kipini na uishie sentimita 6 kabla ya ncha, kwa sababu ncha ya upanga wa kuigizia inapaswa kuwa sponji tupu, laini, isiyoweza kumdhuru mtu jichoni. Katika kila kipande cha bapa chimba mfereji wa kina cha milimita 6 katikati, kwa kupitisha kisu mara mbili kimshazari, kushoto na kulia, ili kamba ya sponji itoke nzima katikati kama unavyotoa uzi wa ndani ya muhogo.

Sasa gundi. Kama kuna jambo moja ambalo ningependa ulitazame kwa macho yako kabla ya kuanza, basi kaa dakika 20 kando ya fundi viatu anayebandika soli. Utaona kwamba anapaka gundi nyembamba pande zote mbili, kisha anaziacha na kushughulika na kiatu kingine. Baada ya kama dakika 10 anagusa gundi kwa mgongo wa kidole: kidole kikinyanyuka na uzi wa gundi, anasubiri zaidi, kikinyanyuka kikavu huku kikihisi kunata, ndipo anaunganisha na kugonga kwa nyundo. Anayeunganisha gundi ikiwa bado mbichi hufungia vimiminika ndani, na kiungo chake hubaki laini kwa siku nyingi. Lakini fahamu kwamba gundi hii haina nafasi ya pili. Pande zikigusana zimegusana. Kwa bapa la sentimita 90 weka karatasi safi katikati ya vipande viwili, linganisha ncha na ncha, bana upande mmoja, kisha vuta karatasi polepole huku ukibonyeza unapokwenda. Kazi hii ifanyie uani au barazani penye upepo, mbali kabisa na jiko la mkaa au la gesi, kwa kuwa mvuke wa gundi hushika moto na ukivutwa kwa wingi huumiza kichwa na kudhuru mwili.

Baada ya bapa kukauka kwa usiku mmoja, ndipo unakuja mkato unaotenganisha upanga na ubao, nao ni mkato wa makali. Piga mistari miwili kwa urefu wa bapa, ukiacha ukanda wa sentimita 2 katikati, na piga mstari mwingine kuzunguka ubavu wa bapa, pale vipande viwili vilipokutana. Kisu chako sasa kitakata kutoka mstari wa juu kushuka kuelekea mstari wa ubavuni, na kikate kwa mvuto mmoja mrefu, bega likisogea pamoja na mkono, si kwa kukwangua kidogo kidogo kama anayemenya viazi. EVA huumaliza wembe upesi sana kuliko inavyodhaniwa, kwa hiyo tumia kisu chenye wembe wa kuvunjwa vipande, uvunje kipande kilicho butu na kuanza na makali mapya kila unapohisi kisu kinavuta badala ya kuteleza; pale kinapovuta ndipo panapochanika. Usiyafanye makali yawe membamba kuliko milimita 4, kwa sababu yatajikunja na kumeguka. Kisha sugua kwa msasa namba 120, ufuatie 240, ukiwa umefunga barakoa, maana vumbi lake ni jepesi na huingia kifuani kwa urahisi. Mimi hutumia siku nzima kwenye hatua hii peke yake. Mapambo ya kipini hutazamwa na aliye karibu, bali mstari wa makali huonekana na aliyekaa kiti cha nyuma kabisa, na ukiwa umepindapinda hakuna rangi itakayouficha.

Ukiridhika na msasa, pasha uso wote kwa mashine ya upepo wa moto. Kama huna, fundi simu anayo ndogo ya kufungulia simu, na wengi hukubali kuiazimisha ukiwa umekaa hapo hapo dukani. Mashine ya kukaushia nywele haitoshi. Ipitishe kwa mwendo usiosimama, sentimita 10 hivi kutoka kwenye sponji, na utaona rangi ya sponji ikibadilika kutoka kufifia hadi kung'aa kidogo, ishara kwamba vitundu vya juu vimeziba. Ukikawia mahali pamoja, sponji itatoa moshi na kujikunyata, nawe uache mara moja. Na hapa pana siri ninayoipenda kuliko zote: ukitaka nakshi za mawimbi kwenye bapa la malkia wa bahari, zichore kwanza kwa ncha ya wembe, kwa kina cha milimita 2 tu, halafu pitisha upepo wa moto juu yake. Mikato ambayo ilikuwa haionekani itafunguka yenyewe mbele ya macho yako na kuwa mifereji, kana kwamba imechongwa kwa patasi.

Kilinda mkono, yaani kile kipande kinachokingama kati ya bapa na kipini, kikate kwa tabaka mbili za milimita 10 zenye tundu la kupitisha mwanzi. Kipini kizungushie ukanda wa milimita 5, kisha kisokote kwa vipande vya ngozi ya mabaki au kamba ya katani.

Rangi isiende moja kwa moja juu ya sponji. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji kidogo, upake tabaka nyembamba nne au tano, kila moja ikikauka kabla ya nyingine kuja. Ndiyo itakayofanya uso uwe laini. Juu yake paka rangi nyeusi ya akriliki bapa zima, ndiyo, nyeusi, kwa kuwa chuma hakiwi cheupe penye kivuli. Halafu chukua penseli laini ya namba 6B, kwangua risasi yake iwe unga, na uusugue unga huo kwa kitambaa kikavu juu ya ile rangi nyeusi. Utapata mng'ao mzito wa chuma halisi ambao rangi ya fedha ya kopo haijawahi kunipa, nao utatulia penye miinuko na kuacha mifereji ikiwa na giza lake. Malizia kwa vanishi nyembamba, la sivyo mng'ao utahamia kwenye vazi lako. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wote watakaouliza upanga huo umeagizwa wapi, waambie umetoka kwa fundi viatu.

SWALI: Mzee, habari za kazi. Nimetengeneza panga mbili za EVA kwa gundi ya viatu na nilifuata utaratibu wote wa kusubiri ikauke. Upanga wa Februari umeshika vizuri, lakini wa Aprili umeanza kufunguka ubavuni ndani ya wiki moja, na nikiuchungulia ndani naona utando mweupe. Je, niliuziwa gundi mbovu? – Fundi Mchanga, Mbagala

JIBU: Inawezekana kabisa kwamba gundi ni ile ile, kilichobadilika ni hewa. Vimiminika vya gundi vinaporuka huupoza uso wa gundi, na wakati wa masika, ambapo hewa ya Dar es Salaam imebeba unyevu mwingi, ubaridi huo huvuta maji kutoka hewani yakatua juu ya gundi kama umande juu ya bati. Utando mweupe uliouona ndio huo. Ukiunganisha juu yake, umebandika gundi kwenye maji. Wakati wa masika paka gundi saa sita au saa saba mchana siku ambayo jua limetoka, usipake jioni wala mvua inaponyesha, na ukiuona weupe kabla ya kuunganisha, subiri mvuke wa gundi uishe, kisha pashia kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka utando utoweke na gundi irudi kunata. Upanga wa Aprili unatibika: ufungue ubavu wote uliolegea, usugue gundi ya zamani kwa msasa, upake upya. Usidungie gundi kwenye ufa kwa sindano kama wanavyofanya wengi, ndani haitakauka.

SWALI: Shikamoo. Mwanangu wa miaka 10 atacheza kama shujaa katika igizo la shule, na ameomba upanga. Nina maswali mawili. Je, upanga wa sponji ni salama kwa watoto wanaopigana jukwaani? Na tutaufikishaje mjini kutoka Kimara bila kuwatia watu hofu ndani ya basi la mwendokasi? – Mama Shujaa

JIBU: Marahaba, mama. Kwa mtoto wa umri huo ondoa mfupa kabisa. Upanga wa sentimita 60, wenye tabaka mbili za milimita 10 zilizobandikwa vizuri, hujisimamia bila mwanzi ndani, na pigo lake ni kama pigo la ndala, ambalo watoto wetu wanalifahamu. Ncha iwe duara, upana wake usiwe chini ya sentimita 4, na wafundishwe kulenga upanga wa mwenzao na si mwenzao.

Kuhusu safari, ufunge kwa khanga au kipande cha turubai kuanzia ncha hadi kitako, uushike ukiwa umesimama wima kama mwavuli, na usiufungue mpaka mfike. Usitegemee mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa, kwani mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Upanga uliopakwa rangi vizuri hautofautishwi na wa kweli kwa hatua tano, na abiria aliyechoka hana sababu ya kuutofautisha. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia dereva wa bajaji kwamba nina upanga, nikimaanisha apunguze mwendo kwenye matuta, naye, akidhani ninataja mtaa wa Upanga hapa mjini, akaniuliza kwa upole ni Upanga Mashariki au Magharibi.

Jambo la mwisho kwa wazazi na kwa wote wanaoshona mavazi ya mashujaa wa aina hii: kitambaa cha mabaka ya kijeshi kiacheni dukani. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo, na Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba kwa waliokuwa nazo kuzisalimisha. Shujaa wa kubuni ana rangi nyingine nyingi za kuchagua.

SWALI: Mzee Fundi, upanga wangu ulikuwa umenyooka kama rula nilipoumaliza. Sasa umepinda kuelekea kulia, na rangi ya mafuta niliyoipaka imepasuka kama udongo wa kiangazi. Nilikuwa nimeuegemeza ukutani, karibu na dirisha. – Kijana wa Kigamboni

JIBU: Umejijibu mwenyewe katika sentensi ya mwisho. EVA huanza kulainika hata kabla ya joto kufikia lile la maji yanayochemka, na sponji iliyoegemezwa kwa uzito wake mwenyewe penye jua la mchana hupinda polepole bila mtu kuiona. Nakuambia haya nikiwa na aibu yangu: niliwahi kuacha panga tatu ndani ya gari lililoegeshwa juani maeneo ya Posta tangu asubuhi, na jioni nilizikuta zimejikunja kama ndizi, viungo viwili vimeachana, na onyesho lilikuwa saa moja usiku. Tangu hapo panga zangu hulala chali juu ya kabati, chumbani, au huning'inizwa kwa kitanzi kilichofungwa kwenye kitako.

Kuunyoosha, upashe taratibu upande wa ndani wa mpindo mpaka ulegee, uulaze kwenye sakafu ya saruji, weka ubao juu yake na ndoo ya maji juu ya ubao, uuache hadi upoe kabisa. Kama mfupa wa ndani ni bomba la plastiki, huenda bomba nalo limepinda, na hapo itabidi ufungue bapa na kubadilisha. Rangi ya mafuta ibandue yote. Ikikauka huwa ngumu kama ganda, na sponji iliyo chini yake ikipinda ganda hupasuka. Rudia kwa gundi ya mbao na akriliki kama nilivyomweleza Malkia wa Tabata, na kabla ya kupaka, futa mafuta yaliyobaki kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, vinginevyo gundi ya mbao itajikusanya vitonevitone na kukataa kutanda.